Mwenda wa Bayeke na Wapenzi Wake: Gitaa Lililosikika na Kiswahili Kisichosikika

Utangulizi

Wako wanamuziki ambao wapenzi wao si wengi, lakini kila mmoja wa wapenzi hao humpenda mwanamuziki kana kwamba yeye ndiye aliyemgundua. Mapenzi ya namna hii hayaletwi na matangazo. Huanza kwa santuri moja iliyopatikana kwa bahati, ikapita mkono hata mkono, na huishia katika juhudi ya kukusanya kila kilichorekodiwa. Huko Marekani kundi la roki la Grateful Dead, lililodumu tangu 1965 hadi 1995, lilipata wafuasi wa aina hiyo. Walinasa maonyesho yake, wakabadilishana kanda, na maneno ya nyimbo zake yakaja kufafanuliwa kitabuni wimbo baada ya wimbo.

Katika ulimwengu wa Kiswahili, mfano ulio karibu na huo haukutoka Dar es Salaam wala Mombasa. Ulitoka Katanga, katika nchi ya shaba, kwa mtu mmoja na gitaa lake: Jean-Bosco Mwenda, aliyependa kujiita Mwenda wa Bayeke. Kwa zaidi ya miaka sabini amekuwa na wapenzi wachache walio waaminifu katika Ulaya, Marekani na Afrika ya Kusini. Hata hivyo, ipo tofauti moja kubwa. Wapenzi wa Grateful Dead huyajua maneno kwa moyo. Wapenzi wengi wa Mwenda huzijua nyimbo kwa vidole. Makala haya yanachunguza mapenzi hayo, yaliyookoa nini na yaliyoacha nini, na yanadai kwamba sehemu iliyoachwa ni mzigo wa wanafunzi na walimu wa Kiswahili wenyewe.

Kutoka Bunkeya hadi Jadotville

Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Bunkeya, ambayo leo imo katika Mkoa wa Lualaba pamoja na Kolwezi, ilikuwa makao makuu ya Msiri, mtawala wa Garenganze aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891 msafara wa Stairs ulipofika kwake. Asili ya utawala huo ni Unyamwezi, na uliingia Katanga kwa njia za biashara ya shaba na pembe za ndovu. Mwenda ni jina la ukoo wa watawala hao. Kwa hiyo mtu anayejiita Mwenda wa Bayeke hatoi jina la jukwaani tu. Anataja historia inayoiunganisha Katanga na Tabora.

Kiswahili alichokiimba, hata hivyo, hakikuwa cha misafara peke yake. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri watu kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe, na lugha iliyowaunganisha kambini ikawa Kiswahili. Kolwezi ulianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati bwawa la Nzilo lilipokuwa likikamilishwa juu ya mto Lualaba ili kuipatia migodi umeme, kizazi cha kwanza kilichozaliwa katika kambi hizo kilikuwa kimekua. Kwa kizazi hicho Kiswahili hakikuwa tena lugha ya msimamizi na kibarua. Kilikuwa lugha ya nyumbani, ya uchumba, ya ugomvi na ya wimbo.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi Mwenda mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo. Miongoni mwa nyimbo hizo zilikuwamo "Masanga" na "Bombalaka". Santuri zilitolewa na kampuni ya Gallotone ya Afrika ya Kusini, na "Masanga" ukatunukiwa tuzo ya Osborn. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikaa Nairobi na kusikika redioni. Binamu yake Edouard Masengo naye alifanya kazi huko, na mtindo wao ukawagusa wapigaji gitaa wa Kenya. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa katika tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1988 alirekodi tena Cape Town. Alifariki kwa ajali ya barabarani nchini Zambia, Septemba 1990.

Mapenzi ya vidole

Yapo mambo ya kusifiwa katika bidii ya wapenzi wake. Mwenda hupiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba hushika nyuzi nzito kwa mwendo usiotetereka, na kidole cha shahada huimba juu yake, kikiingia pale ambapo sikio halikutazamia. Anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani magitaa ni mawili. Mshangao huo ndio mlango walioingilia wengi, na baada ya mshangao wakafuata kazi ngumu.

David Rycroft aliandika nota za upigaji huo na kuzichapisha katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. John Low alisafiri hadi Shaba kuwatafuta Mwenda, Masengo na Losta Abelo, akakaa miguuni pao kama mwanafunzi, na shajara ya safari yake ikachapwa Vienna mwaka 1982. Elijah Wald naye alikwenda Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda na Masengo, karibu na mwisho wa maisha ya Mwenda. Watu hawa walisafiri mbali ili wafundishwe jambo ambalo wenyeji wengi walikwisha liita la kizamani, kwani tangu miaka ya 1960 gitaa la umeme na rumba ya Kinshasa vilikuwa vimelifunika gitaa kavu la Katanga. Haki ikitendwa, lazima ikubaliwe kwamba bila wao mengi yangalipotea. Santuri za zamani ziliendelea kutolewa upya kwa sababu walikuwapo watu wa mbali waliozidai.

Lakini kila mapenzi huchagua. Wapenzi wa gitaa walichagua kile walichoweza kukipima na kukirudia. Nota huandikika, mtu asiyejua neno moja la Kiswahili aweza kuipiga "Masanga" yote bila kosa. Ndivyo ilivyotokea kwamba wimbo ulioimbwa ukageuka pole pole kuwa zoezi la gitaa. Sauti ya mwimbaji ikabaki kama ala moja zaidi, tamu na ya ajabu, isiyoulizwa inasema nini.

Uajabu wa maneno

Pale maneno yalipoangaliwa, sifa iliyotolewa mara nyingi ni uajabu. Inasemekana kwamba maneno ya Mwenda yanarukaruka: mtu anaitwa, sentensi moja inatamkwa, gitaa linachukua nafasi, kisha linakuja jambo lingine lisilofuatana na la kwanza. Wapenzi wengine waliufurahia mruko huo kama alama ya kipaji kisicho cha kawaida. Wengine waliona kwamba maneno ni viungo tu vya kutia ladha katika gitaa. Maoni yote mawili yanatoka mahali pamoja, yaani yanasikiliza kutoka nje ya lugha.

Uchukuliwe mfano wa jina la wimbo maarufu kuliko zote. Kwa msikilizaji wa Kinshasa asemaye Kilingala, masanga ni pombe. Huko Katanga, neno hilo likifuatana na njia, ni mahali njia zinapokutana. Hata kabla sauti ya kwanza haijatoka, msikilizaji anahitaji kujua amesimama mji gani. Wimbo wenye kichwa kama hicho haudai lazima kisa chenye mwanzo, kati na mwisho. Penye njia panda watu hupita, huitana kwa majina, huulizana habari nusu na kuendelea. Mtu aliyekulia Kolwezi au Likasi, katika safu za nyumba za kampuni zilizokaribiana, anaujua usemi wa namna hii. Ni usemi wa watu wanaojuana. Nusu ya jambo haisemwi kwa sababu kila mtu anaijua. Kinachoonekana kwa mgeni kama uhaba wa maana, kwa mwenyeji chaweza kuwa wingi wake.

Yapo pia mambo ya lugha yenyewe. Katika Kiswahili cha Katanga mtu ni mutu, mke ni muke, na njaa ni njala. Kwa hesabu ya mizani hakuna kinachobadilika katika mutu, maana m ya mtu nayo ni silabi kamili. Kwa mwimbaji tofauti ni kubwa. Silabi ya m hufunga midomo, na sauti haina pa kupita ila puani. Silabi ya mu ina irabu ambayo mwimbaji aweza kuivuta, kuipandisha au kuikata ili kulipisha gitaa. Katika neno njala, silabi ya mwisho huanza kwa konsonanti, na sauti hupata pa kugonga. Katika njaa irabu mbili hufuatana bila kizuizi. Uhusiano wa gitaa na sauti ambao wapenzi wanausifu umejengwa kwa sehemu juu ya matamshi haya. Anayesahihisha maneno ili yafanane na Kiswahili sanifu huharibu muziki. Anayeyapuuza huusikia muziki bila kujua umesimama juu ya nini.

Huenda ikajibiwa kwamba uhakiki unatafuta kina pasipo na kina, na kwamba nyimbo hizi zilipigwa ili watu wafurahi. Jibu hilo si la kudharauliwa. Nyimbo za furaha zina haki ya kuwa za furaha. Lakini hakuna anayesema kwamba maneno ya taarabu ni viungo tu kwa sababu mgeni hayaelewi. Husemwa kwamba yana mafumbo, kisha mwenyeji huulizwa. Heshima iliyopewa Pwani haikupewa Katanga.

Deni la taaluma ya Kiswahili

Hapa ndipo lawama inapoacha kuwa ya wageni. Mpenzi wa gitaa huko Ulaya hakuahidi kamwe kufasiri Kiswahili. Taaluma ya Kiswahili iliahidi. Kwa bahati, mwaka aliozaliwa Mwenda ndio mwaka ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, baada ya Kiunguja kuteuliwa kuwa msingi wa lugha sanifu. Kazi hiyo ilileta faida kubwa, lakini iliacha mazoea ya kuzihesabu lahaja za bara kama Kiswahili kilichovunjika. Kilichovunjika hutengenezwa, hakihakikiwi. Ndiyo maana vitabu vya fasihi vinavyosomeshwa kwa Kiswahili hujaa tenzi, mashairi, riwaya na tamthilia za Pwani na Tanzania Bara, na nyimbo za Katanga zikakosa hata aya moja.

Ushahidi kwamba lugha hiyo ina uzito haukosekani. Huko Kolwezi mwaka 1953 Padri Placide Tempels alianzisha Jamaa, harakati ya Kikatoliki ambayo mafundisho yake yote mazito yalisemwa kwa Kiswahili cha migodini. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville, iliyokuja kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha mwaka 1981 utafiti juu ya kundi la maigizo la Mufwankolo. Hizi ni kazi za thamani, lakini maelezo yake yaliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Msomaji wa Kiswahili huhitaji lugha ya tatu ili asome habari za Kiswahili.

Wakati haungoji. Mwezi uleule aliofariki Mwenda, Septemba 1990, mgodi wa Kamoto karibu na Kolwezi uliporomoka, na maisha ya kambi yaliyotegemea Gécamines yakaporomoka pamoja nao. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Miongoni mwao walikuwamo watu waliozisikia nyimbo hizi zilipokuwa mpya, waliojua nani aliitwa kwa jina gani na kwa nini watu walicheka. Santuri imehifadhiwa, mtu wa kuieleza ametawanyika au amezeeka.

Hitimisho

Kinachohitajika si kikubwa. Nyimbo kama "Mama na Mwana", "Bombalaka" na "Tambala Moja" ziandikwe kama zilivyoimbwa, bila kusahihishwa. Rekodi za miaka mbalimbali zilinganishwe, maana mpigaji aliyebadilisha gitaa lake kila mara hakosi kuyabadilisha na maneno. Tena wazee wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi waulizwe, na wale waliohamia Kasai wasisahauliwe. Kazi hii inamfaa mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye kinasa sauti na adabu ya kusikiliza.

Wapenzi wa mbali walifanya sehemu yao. Walimpenda mtu ambaye hawakumwelewa, wakamtunza hadi leo, na baadhi yao walijifunza kupiga kama yeye kwa unyenyekevu ambao wasomi wengi hawakuuonyesha. Wao walikuwa na gitaa bila lugha. Wenye lugha wamekuwa nayo kwa miaka yote hiyo, wala hawakuiketisha karibu na gitaa.