Dampu Moja Haitoshi

Kompyuta ya steshenari ya Mbagala Rangi Tatu au Kinondoni Mkwajuni ikileta skrini ya bluu, ushauri wa kwanza huwa ni kupiga Windows upya. Pengine mashine itapona, ila chanzo hakitajulikana, na ushahidi utakuwa umefutwa. Ushahidi wenyewe kwa kawaida umo kwenye folda ya C:\Windows\Minidump. Windows inapoanguka kwa skrini ya bluu, huacha humo faili dogo la dampu linaloonyesha ni amri gani ilikuwa ikitekelezwa, rejista za prosesa zilibeba nini, na mlolongo wa kazi zilizoitana hadi kufika hapo.

Namna ya kulisoma inaonekana vizuri katika balaa la Ijumaa, 19 Julai 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza sasisho la programu yake ya ulinzi. Ililiondoa saa 2:27, lakini mashine za Windows zilizokuwa hewani muda huo zilishalipokea na kuanza kuleta skrini ya bluu. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika.

Punde dampu moja ikasambaa mtandaoni. Ilionyesha draiva ya csagent.sys ikijaribu kusoma anwani 0x9c, yaani 156. Nambari ndogo kiasi hicho humvuta mchambuzi aseme haraka kwamba kielekezi, yaani thamani inayobeba anwani, kilikuwa sifuri, 156 ikaongezwa juu yake, na hakuna aliyekikagua. Wengi walisema hivyo.

Waliorudi nyuma amri chache waliona jambo jingine. Draiva ilichota thamani kutoka kwenye orodha ya anwani, ikaiweka kwenye rejista r8, kisha ikakagua kama ni sifuri. Ingekuwa sifuri, amri iliyofuata ingerukwa. Tena amri hiyo ilisoma pale r8 ilipoelekeza bila kuongeza chochote, kwa hiyo 156 nzima ilitoka ndani ya r8. Dampu nyingine, iliyochapishwa na Microsoft, ilikwama kwenye usomaji uleule, lakini r8 ilibeba ffff840500000074. Mahali ni pamoja, uchafu ni tofauti: hiyo ni dalili ya orodha kusomwa kupita mwisho wake.

Ripoti ya CrowdStrike ya 6 Agosti ilithibitisha hilo. Ufafanuzi wa kanuni za programu hiyo ulitaja sehemu 21 za data, msimbo wake ukaleta 20. Kanuni za awali zilikubali chochote kwenye sehemu ya 21, hivyo haikuguswa. Kanuni za sasisho la 19 Julai ndizo zilizokwenda kuisoma.

Fundi wa Tandika au Mwenge anaweza kufuata njia hiyohiyo. Fungua dampu kadhaa kwa WinDbg, ambayo ni ya bure, andika !analyze -v, na jina linalotajwa ulichukue kama la mshukiwa tu. Anayekutwa karibu na maiti si lazima awe ndiye muuaji. Kisha linganisha. Ikiwa ni draiva ileile na amri ileile kila mara, isasishe au iondoe. Majina yakibadilika, leo draiva ya printa, kesho ya Wi-Fi, keshokutwa Windows yenyewe, pima RAM kwa Memtest86+ usiku kucha, kijiti kimoja baada ya kingine. RAM mbovu haiponi kwa kupiga Windows, na mteja aliyelipia kazi hiyo atarudi na skrini ileile ya bluu.