Kamera Kwenye Kaburi la Songea

Kila tarehe 27 Februari mji wa Songea huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ngoma ya lizombe hupigwa na miguu ya Wangoni hutikisa ardhi kwa kishindo. Wengi wao wamelala kwenye kaburi la halaiki. Mwenzao, Nduna (jemadari wa Wangoni) Songea Mbano, aliyeuachia mji jina lake, ana kaburi la peke yake. Lakini kichwa hakimo. Wazee wa ukoo husimulia kwamba kilipelekwa Ujerumani.

Hapo ndipo inapoanzia filamu ya *The Empty Grave*, ya mwaka 2024.

Cece Mlay wa Tanzania na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani waliiongoza pamoja, na Kijiweni Productions ya Dar es Salaam ikashiriki kuitengeneza. Hii si sinema ya mapenzi ya kuuzwa vibandani. Inamfuata wakili John Mbano, kitukuu wa Nduna, na mkewe Cesilia Mollel, kutoka Songea hadi Berlin, wakibisha hodi kwa wenye majibu. Kwao kutafuta kichwa ni ibada ya mazishi iliyokatishwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Watengenezaji, kwa bahati nzuri, hawakuwaharakisha.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Februari iliyofuata filamu ikaonyeshwa kwenye tamasha la Berlin, katika jiji lenyewe la watawala wa zamani.

Ukipita Songea, fika Makumbusho ya Majimaji, eneo la Mahenge mjini humo, ulione kaburi lenyewe.