Utamu Usioongezwa: Jinsi Khvanchkara Inavyotengenezwa

Mvinyo mwingi mtamu wa bei rahisi hupata utamu wake mwishoni. Mtengenezaji huacha sukari yote igeuke kileo, kisha huurudisha utamu kwa juisi nzito ya zabibu. Khvanchkara, mvinyo mwekundu wa milima ya Racha nchini Georgia, chini ya safu ya Kaukazi, hupita njia tofauti. Sukari iliyomo ni ile ile iliyotoka shambani. Fundi haongezi kitu. Kazi yake ni kujua lini asimamishe uchachushaji.

Tuanze na shamba. Mto Rioni unapopita karibu na mji wa Ambrolauri huelekea magharibi, kwa hiyo ukingo wake wa kulia una miteremko inayotazama kusini. Huko ndiko iliko mizabibu. Mteremko wa namna hiyo hupokea jua kwa muda mrefu, ardhi yake yenye chokaa haituamishi maji, na milima iliyo nyuma yake huzuia pepo kali za kaskazini. Mchana zabibu hujaa sukari. Usiku ubaridi huzuia ukali wake wa asili usipotee. Ukali huo ni muhimu, kwa sababu mvinyo mtamu usio na ukali huchosha ulimi mara moja.

Mizabibu ni ya aina mbili za kienyeji, Aleksandrouli na Mujuretuli. Zote huiva kwa kuchelewa na zote zina sifa ya kulimbikiza sukari nyingi. Mavuno hufanyika hasa mwezi wa Oktoba, na kwenye miteremko mikali vichala hukatwa kwa mkono, kimoja kimoja. Hapo mvunaji huchagua: kilichooza hutupwa, kibichi huachwa. Uchaguzi huo ni sehemu ya ufundi, kwani kichala kilichooza huingiza bakteria ambao watauharibu mvinyo wenye sukari kwa urahisi kuliko mvinyo mkavu.

Sasa hesabu. Kwa makadirio ya kawaida, kila gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo. Tuchukue juisi yenye gramu 240 kwa lita. Hamira ikiila yote, tutapata mvinyo mkavu wenye kileo cha asilimia 14 hivi. Lakini fundi akiisimamisha zikiwa zimebaki gramu 40, zilizoliwa ni 200, na kileo kitakuwa chini kidogo ya asilimia 12. Hivyo ndivyo Khvanchkara inavyokuwa: kileo cha wastani, na sukari ya kati ya gramu 30 na 50 kwa lita. Akichelewa siku chache, utamu umekwisha. Akiwahi mno, amebaki na juisi nzito isiyo na uti wa mgongo.

Anaisimamishaje? Kwa baridi. Hamira hufanya kazi vizuri kwenye joto. Likishuka chini ya nyuzi 10 hivi, hulegea, na karibu na sifuri husinzia kabisa. Zamani baridi hiyo ililetwa na majira yenyewe. Zabibu zilivunwa kwa kuchelewa, zikaanza kuchachuka, na kabla hamira haijamaliza sukari, baridi kali ya milimani ikawa imefika. Wagema wa Pwani yetu wanaijua hali iliyo kinyume: tembo la mnazi la asubuhi ni tamu, jioni limekuwa kali, likilala limekuwa siki, kwa sababu joto letu haliipumzishi hamira hata saa moja.

Ila hamira iliyosinzia haijafa. Majira ya kuchipua yakifika, joto huiamsha, nayo huendelea na sukari iliyobaki. Ndiyo maana mvinyo huu wa kale ulikuwa wa kunywewa mapema na haukufaa kusafirishwa mbali. Viwanda vya leo huutia mvinyo katika matangi ya chuma na kuyapoza hadi karibu na sifuri. Hamira ikishatulia chini, mvinyo hupitishwa kwenye chujio lenye vitundu vya chini ya nusu maikroni. Seli ya hamira ni kubwa mara kadhaa kuliko kitundu hicho, hivyo haipiti. Kinachoingia kwenye chupa ni mvinyo mtamu usio na wa kuula utamu huo.

Hapa ndipo mafundi wadogo wanapopata mtihani. Wengi wao wanapenda kutumia qvevri, mtungi mkubwa wa udongo uliopakwa nta ya nyuki ndani na kufukiwa hadi mdomoni. Ni mbinu ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2013 kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Lakini ardhi huweka joto la mtungi sawasawa. Haiupozi ghafla kama tangi. Asiyetaka kuchuja kwa chujio la kiwandani ana njia moja salama: aache hamira imalize sukari yote. Ndiyo sababu baadhi ya mafundi wa Racha hutengeneza mvinyo mkavu kwa zabibu hizo hizo. Kwangu mimi huo si usaliti wa mila. Ni uaminifu kwa chombo walichokichagua.

Usaliti uko kwingine. Mvinyo wa ukoo wa Kipiani, mzazi wa Khvanchkara, ulipata medali ya dhahabu huko Ostend, Ubelgiji, mwaka 1907, na sifa hiyo imevuta waigaji tangu zamani. Eneo halali la Khvanchkara ni dogo na linalindwa kisheria, kwa hiyo chupa za kweli haziwezi kuwa nyingi wala rahisi. Anayetia utamu mwishoni ameiba jina tu, kazi hakuifanya.

Ukikutana na chupa ya Khvanchkara, soma lebo: itaje Khvanchkara kama eneo lililolindwa na Georgia kama nchi ilikotengenezwa. Ipoze kidogo kabla ya kuimimina. Kisha usikilize ulimi: utamu ukifuatwa na ukali safi, fundi alisimama pale palipostahili. Utamu ukibaki peke yake, hiyo chupa haistahili bei yake.