Padri Aliyekubali Kusahihishwa

Sisi wa Engaresero, kama Wakristo wa kwingine, tukimsifu mtumishi huhesabu alivyojenga: kanisa la bati, darasa, zahanati. Kitabu cha Padri Vincent Donovan, Christianity Rediscovered, kilichotoka mwaka 1978, kinaivuruga hesabu hiyo.

Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alitumwa Loliondo, humu humu wilayani Ngorongoro. Alikuta misheni yenye shule nne nzuri na hospitali ndogo, lakini watoto waliosomeshwa humo, wakishamaliza, hawakuendelea na imani. Mei 1966 akamwandikia askofu wake barua, akaomba aende kwenye maboma kuzungumza na Wamasai habari za Mungu, bila zawadi wala ahadi ya shule.

Lakini kiini cha kitabu, kwangu, ni mzee Ndangoya. Baada ya mafundisho ya mwaka mzima, padri alikuja kutenganisha watu: huyu anafaa kubatizwa, yule alikuwa mvivu, huyu hakuelewa. Ndangoya akamzuia kwa adabu. Akamweleza kwamba wavivu walisaidiwa na wenye bidii, na wasioelewa na walioelewa. Imani ile ni ya boma zima. Donovan akakubali, akawabatiza.

Tusizipite upesi kurasa hizo. Msomi mwenye mamlaka ya kubatiza anafundishwa maana ya kanisa na mzee ambaye hata hajabatizwa, kisha anaandika wazi kwamba yeye ndiye aliyekosea. Wangapi kati yetu tungeandika hivyo?

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Wanaosikika humo ni wazee wa kiume. Sauti za akina yeyoo ni chache mno, ingawa ndio wanaowalea watoto katika imani. (Na ndio, hadi leo, wanaojaza viti vya kanisa.) Tena Donovan anashikilia kwamba mmisionari afundishe, kisha aondoke upesi kama Paulo. Paulo huyo alikaa Efeso karibu miaka mitatu, na alipopita Mileto aliwaita wazee wa kanisa la Efeso wakaagana kwa machozi. Soma Matendo 20. Aliwaachia kazi watu aliowalea, na aliendelea kuwajali.

Nimekaa katika kamati ambazo mwenyekiti hakubadilika kwa miaka mingi, mwinjilisti kijana akipewa sala ya kufungua tu, na akina mama wakiulizwa habari za chai. Nami nilinyamaza. Nikimsoma Ndangoya, kunyamaza kule kunaniuma kuliko ukaidi wa mwenyekiti.

Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Mpendwa msomaji, ukikipata na ukaweza kukisoma, usikae nacho peke yako. Msimulie habari za Ndangoya yule ambaye kamati yenu haijawahi kumwuliza neno, kisha umsikilize atakavyosema.