Ya Tano Si Humusi

Siku tatu si siku ya tatu. Aliyesafiri siku tatu amekwisha kuzimaliza zote. Aliye katika siku ya tatu huenda amemaliza mbili tu. Tofauti hii imebebwa na silabi moja, wala haitusumbui katika mazungumzo. Lakini elimu mbili zikilishika neno lile lile la kupangia, hesabu upande mmoja na muziki upande wa pili, silabi hiyo hulemewa. Yafaa tuupime mzigo wake, maana mfasiri wa kitabu cha muziki hujaribiwa hapa na njia ambayo si njema.

Tuchukue ngazi ya sauti waijuayo waimbaji wa kwaya: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Mwanamuziki husema kwamba mi ni ya tatu kutoka do, na so ni ya tatu kutoka mi. Kisha husema kwamba so hiyo hiyo ni ya tano kutoka do. Mwanahesabu hushtuka: tatu na tatu zimekuwaje tano? Tena so ni ya tano kutoka do, na do ya juu ni ya nne kutoka so. Lakini zikiungana twapata ya nane, wala si ya tisa. Kila viunganapo vipande viwili, moja hupotea. Sababu yake ni kwamba sauti ya katikati imehesabiwa mara mbili, kwanza kuwa mwisho wa safari moja, kisha kuwa mwanzo wa nyingine. Muziki huhesabu nguzo. Hesabu hupima nafasi zilizo baina ya nguzo. Nguzo tano zina nafasi nne. Mwimbaji aambiwaye apande hadi ya tatu, naye akapanda hatua tatu, atafika fa badala ya mi, na kwaya nzima itamgeukia.

Je, ni kosa la wanamuziki? Huweza kusemwa kwamba majina haya ni ya kale, yalitungwa kabla ya watu wa Ulaya kuizoea sifuri, na kwa hiyo yafaa kusahihishwa. Kwamba ni ya kale ni kweli: Wayunani waliita ya tano kwa maneno yenye maana ya "kupitia tano", wakihesabu mwanzo na mwisho pamoja. Lakini kwamba yasahihishwe, hilo silikubali, na shahidi wangu ni Kiswahili chenyewe. Jumatano ni siku ya tano tukianza Jumamosi. Siku ifuatayo ni Alhamisi, na neno hilo kwa Kiarabu lina maana ya siku ya tano, tukianza Jumapili. Siku mbili zafuatana, na zote mbili ni za tano. Wala hakuna aliyekosa safari kwa ajili hiyo, kwani kila jina lina mwanzo wake. Saa zetu nazo zina desturi nyingine: saa moja ya asubuhi husemwa wakati saa nzima imekwisha kupita. Basi katika lugha moja tuna hesabu ya nguzo na hesabu ya nafasi, na zote mbili ni halali.

Tena tulitazame neno "kwanza". Halikutoka katika moja, bali katika kuanza. Cha kwanza si hatua iliyokwendwa. Ni mahali mguu uliposimama kabla ya kuinuliwa. Hivyo mwanamuziki aitapo do ya kwanza, ilhali hajapanda hata hatua moja, amesema Kiswahili safi.

Kosa lenyewe liko kwingine. Kwa Kiingereza neno moja hutumika kwa ya tatu na kwa theluthi, na moja kwa ya tano na kwa humusi. Kiswahili kimezitenga: majina ya sehemu kimeyapokea kwa Waarabu, na wajuao mirathi wameyazoea nusu, robo, thumuni, theluthi na sudusi. Mfasiri mwenye kamusi mkononi na asiye na udi huweza kuandika "humusi" palipotakiwa "ya tano". Naye atakuwa amegeuza mambo juu chini. Chukua uzi wa udi ulio wazi, uubane mahali pa kuondoa humusi yake: sehemu nne katika tano zibakizo zitatoa sauti ya tatu, ile iliyo kubwa. Ondoa theluthi, na sehemu mbili katika tatu zitatoa sauti ya tano. Humusi yazaa ya tatu, na theluthi yazaa ya tano! Ni katika robo peke yake ndipo majina yapatanapo, kwani kuiondoa hutoa ya nne. Na kuondoa nusu hutoa ya nane.

Wala ya tatu yenyewe haina kipimo kimoja. Ukiondoa sudusi badala ya humusi utapata ya tatu iliyo ndogo. Katika makamu ya Rasti ya muziki wa Kiarabu iko ya tatu iliyo baina ya hizo mbili, na sauti hiyo huitwa sika, neno la Kiajemi lenye maana ya mahali pa tatu. Hapo jambo ladhihirika: waliolitunga jina hilo walitaja mahali, hawakutaja umbali.

Kwa hiyo nashauri kwamba katika Kiswahili tuandike "sauti ya tano", na tusiandike "nafasi ya tano", maana neno la kupangia ni la nguzo. Tukitaka umbali tutaje hatua: kutoka do hadi so ni hatua nne. Tukitaka uwiano tutaje sehemu za uzi, na hapo ndipo theluthi na humusi zitakapopata kazi yake. Lugha nyingine zinavumilia neno moja kubeba mizigo mitatu. Sisi tumejaliwa maneno matatu. Mwanafunzi asinyimwe hata moja kwa uvivu wa mfasiri.