Faida ya Barabara Ihesabiwe Shambani

Kati ya 1971 na 1974, watafiti wa maabara ya barabara ya serikali ya Uingereza walipima nchini Kenya gharama za magari kwenye lami na murram: mafuta, magurudumu, vipuri. Matokeo yao hutumika katika njia ya kawaida ya kukadiria faida ya barabara: hesabu magari yanayopita, kisha zidisha kwa gharama ambayo kila gari linaokoa.

Hesabu hiyo inaifaa barabara ya Mombasa. Lakini njia ya ndani huko Mwala, Machakos, ina magari machache. Mizigo iko juu ya punda na migongoni mwa akina mama. Ukihesabu magari tu, kijiji kinachoihitaji barabara zaidi ndicho kitakachoonekana hakistahili.

Kipimo kinachofaa hapo ni bei anayolipwa mkulima shambani. Tuseme kreti ya nyanya inauzwa shilingi 3,000 Nairobi, na usafiri unakula 900. Barabara ikitengenezwa, usafiri unashuka hadi 500. Mkulima wa kreti 100 anapata 40,000 zaidi, iwapo wenye malori wanashindana. Lori likiwa moja, mwenye lori ndiye anayebaki na fedha hizo. Mkulima akiongeza kreti 40, faida yake hukadiriwa kwa nusu ya 400 kila moja, kwa kuwa mbolea na vibarua navyo vina gharama: 8,000. Jumla ni 48,000. Ni kosa kujumlisha tena nauli iliyopungua au bei ya shamba iliyopanda, maana ni fedha zilezile.

Ugumu mkubwa ni kujua kilichotokana na barabara. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha 1994, waliifuatilia Machakos ya zamani, pamoja na Makueni, kuanzia 1930 hadi 1990. Watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na thamani ya mazao kwa kila mtu ikapanda takriban mara tatu. Lakini miaka hiyohiyo ilileta makinga maji ya fanya juu, kahawa na soko la Nairobi. Kuipa barabara sifa zote ni kuwapokonya wakulima jasho lao.

Kwa hiyo, kabla greda halijafika, kaunti irekodi bei za shambani, nauli na muda wa kufika zahanati, wakati wa mvua na wa kiangazi, katika kijiji kitakachopata barabara na kingine kinachofanana nacho kitakachosubiri. Baada ya miaka michache vipimo virudiwe kote kuwili. Mabadiliko ya kijiji cha kwanza yakizidi ya cha pili, ziada hiyo ndiyo faida tunayoweza kuitetea mbele ya mlipa kodi.