"Gari Lenye Kujiendesha" Katika Mteremko: Uhakiki wa Istilahi za Kuvuta Tela

Istilahi hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile tuliyoizoea sisi wa maofisini: je, neno limeundwa kwa kufuata kanuni za sarufi, na je, linapatana na maneno mengine ya fani yake? Ya pili ni ya mtumizi, nayo ni ngumu zaidi: je, mtu akilisoma neno hili ataifanya kazi yake sawasawa? Makala haya yanakusudia kutumia kipimo cha pili kuhakiki maneno machache yanayohusu kuvuta tela zito kwa pikapu ya dizeli ambayo gia zake hazibadilishwi kwa mkono.

Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo mno. Sivyo. Pikapu za namna hiyo ni chombo cha kazi cha kila siku katika nyanda za kati, nazo huvuta matangi ya maji, jenereta na vifaa vya ujenzi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, madereva wengi wa ofisi nao wamelazimika kuzizoea barabara za huku. Barabara ya Iringa hushuka kutoka Dodoma, iliyo yapata mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hadi bwawa la Mtera, karibu mita 700; kisha hupanda vilima vya Nyang'oro kuelekea Iringa, iliyo zaidi ya mita 1,500. Dereva arudiye kutoka Iringa na tani mbili au tatu nyuma yake huvishuka vilima hivyo. Hapo neno baya linaweza kuwa na madhara makubwa.

Tuanze na neno "kujiendesha". Katika miswada ya tafsiri ipitayo mikononi mwetu, mara kwa mara hutokea maneno "gari lenye mfumo wa kujiendesha". Kisarufi hayana kasoro. Kimaana yanapotosha, kwa kuwa gari hilo halijiendeshi. Kinachojifanya chenyewe ni kubadilika kwa gia tu. Tena, katika nchi kama Marekani na China yapo sasa magari yanayochukua abiria bila dereva. Hayo ndiyo yajiendeshayo kweli, nayo yatahitaji jina hilo. Tukiligawa neno moja kwa vitu viwili, tutakuwa tumejitakia mchafuko.

Kosa hili lina matokeo barabarani. Giaboksi ya namna hii hufuata mwendo wa gari na jinsi dereva anavyokanyaga mafuta; aghalabu haiuoni mteremko ulio mbele. Dereva anapoondoa mguu, mara nyingi giaboksi hupanda gia ya juu, kana kwamba kazi imepungua, hali tela linaendelea kulisukuma gari kwa nyuma. Hapo hapana budi dereva mwenyewe asogeze mkono wa gia na kuizuia gia ya chini kabla ya kuanza kushuka. Aliyeambiwa kwamba gari "linajiendesha" hana sababu ya kufanya hivyo. Atategemea breki za mguu, nazo zikipata moto sana hupoteza nguvu.

Neno la pili ni "breki ya injini". Siku moja mwandishi wa makala haya alikuwa akisoma rasimu ya mwongozo mbele ya dereva mmoja wa ofisi mjini Dodoma. Tulipofika kwenye sentensi isemayo "tumia breki ya injini unaposhuka", alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza: "Bosi, hiyo breki iko wapi? Mimi nina ya mguu na ya mkono tu." Swali lake lilikuwa uhakiki kamili. Tulipomweleza maana yake, alicheka na kusema, "Kumbe ni kushuka na gia!" Jambo alilijua tangu zamani, sisi ndio tuliomficha kwa jina jipya.

Wapo watakaotetea istilahi hiyo kwa kuwa ni fupi na imeenea. Lakini malori mengi yana kifaa halisi kinachoziba njia ya moshi ili kupunguza mwendo, nacho huitwa breki. Pikapu nyingi hazina kifaa hicho. Zaidi ya hayo, injini ya dizeli kwa kawaida haizibi njia ya hewa kama ifanyavyo ya petroli dereva anapoondoa mguu, kwa hiyo uzuiaji wake peke yake ni hafifu kuliko wengi wanavyodhani. Neno "breki" laahidi zaidi ya yaliyopo. "Kushuka na gia" laeleza kitendo, na lamkumbusha dereva kuwa mtendaji ni yeye.

Tatu ni "uwezo wa gari". Maneno haya hutumika kwa kubeba na kwa kuvuta bila kutofautisha. Watengenezaji wa pikapu nyingi za dizeli za leo huweka kikomo cha kuvuta cha kilo 3,500 tela likiwa na breki zake, na kilo 750 tu likiwa halina. Sasa tuchukue tangi la maji la lita 2,000. Maji peke yake ni kilo 2,000, kabla hatujahesabu chuma na magurudumu. Karani anayesoma katika fomu kwamba "uwezo wa gari ni kilo 3,500" ataidhinisha safari bila kuuliza habari ya breki za tela. Mwingine atadhani kuwa kilo hizo zaweza kupakiwa kwenye bodi ya pikapu yenyewe.

Isidhaniwe kuwa tunawatukuza mafundi na kuwalaumu wafasiri tu. Gereji nazo zina kosa lao, nalo ni "mafuta ya gia". Mafuta mazito ya giaboksi nyingi za mkono na yale mepesi ya giaboksi zinazojibadili yote huitwa hivyo. Katika giaboksi nyingi za aina ya pili, mafuta hayo hufanya zaidi ya kulainisha: ndiyo yanayopitisha mzunguko wa injini gari linapoanza kuondoka, mahali pa klachi. Ukipanda mlima polepole na mzigo mzito, hupata moto mwingi, na yakiungua giaboksi huharibika. Jina moja kwa vitu viwili limekwisha kuwatia wengi hasara. Hapa ofisi ndiyo yenye wajibu wa kuisaidia gereji.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) "gia za kujibadili" ziwekwe mkabala na "gia za mkono", na "kujiendesha" libakizwe kwa magari yasiyo na dereva;

(b) "kushuka na gia" likubaliwe kuwa istilahi, na "breki ya moshi" iwe jina la kile kifaa cha malori;

(c) "uwezo wa kubeba" na "uwezo wa kuvuta" yaandikwe mbalimbali katika kila fomu, na la pili lifuatwe daima na maneno "tela lenye breki" au "tela lisilo na breki";

(d) "mafuta ya gia za mkono" na "mafuta ya gia za kujibadili" yatenganishwe, hata kama majina ni marefu.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu miaka ya 1970 vijitabu vya Tafsiri Sanifu vimewafikishia wananchi maelfu ya maneno. Kazi hiyo ni ya kujivunia. Lakini istilahi za vyombo vya hatari zisipitishwe kabla hazijasomwa kwa sauti mbele ya mtu anayevitumia. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi na madereva wa Kondoa, Mpwapwa, Kongwa na Manyoni watuletee maneno wanayoyatumia, hasa jina la pale tela linapounganishwa na gari, ambapo sisi bado hatujaridhika na lolote.